Likizo ya Michamvi na saa ya maji

Ukimuuliza mfanyakazi wa kawaida likizo yake ataipeleka wapi, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: "Nyumbani." Maana yake ni safari ya basi kutwa nzima, mizigo ya sabuni na sukari, matanga yaliyokuwa yakikusubiri, kesi ya shamba la marehemu babu, na paa la mama linalovuja. Sheria ya ajira na uhusiano kazini ya mwaka 2004 huku Bara inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Wengi wetu hurudi kazini tukiwa tumechoka kuliko tulivyoondoka. Sisemi tusiende kwetu, maana kwetu ni kwetu. Ninalosema ni kwamba katika siku hizo 28 mtu anaweza kuchota nne au tano akazipeleka mahali ambako hakuna anayemdai kitu. Wiki hii nataka tuzungumzie mahali pamoja pa namna hiyo: rasi ya Michamvi, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja.

Najua wapo watakaoguna. Pwani ile tumekwisha kuizoea kuwa ni ya wageni kutoka Ulaya, na sisi wenye bahari tunaiona kwenye kalenda za mabenki. Lakini barabara ya kwenda huko ni ya lami na daladala zinakwenda. Ukitoka mjini unapita Tunguu, unapita msitu wa Jozani wenye kima punju, unafika Paje, kisha unageuka kaskazini kufuata ufuo: Bwejuu, Dongwe, hadi nchi inapokwisha. Kwenye hoteli kubwa bei ni za kutisha, hilo silifichi. Ila katika vijiji vya njiani zipo nyumba ndogo za wageni ambazo watu wawili wakichangiana wanazimudu.

Ukiitazama ramani utaona rasi hii ni kama kidole kilichonyooshwa kuelekea kaskazini. Upande wa mashariki ni bahari kuu ya Hindi, na upande wa magharibi ni ghuba ya Chwaka, yenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote Unguja. Kijiji kina pande mbili: Pingwe inatazama macheo, na Kae inatazama machweo. Ni mwendo mfupi tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo mtu anaweza kuliona jua likitoka baharini alfajiri, na jioni akaliona likizama majini vilevile, jambo ambalo mkazi wa Jambiani au Paje hawezi kulipata pale kwake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni maji.

Mgeni anafika saa nne asubuhi, anatupa mkoba kitandani, anavaa nguo za kuogelea, anatoka. Bahari hakuna! Mbele yake ni uwanda wa mchanga, madimbwi na majani ya bahari, na mawimbi anayaona kule mbali kama uzi mweupe, pengine kilometa moja au zaidi. Nimewahi kumsikia mtu akilalamika mapokezi kwamba ametapeliwa. Hakutapeliwa. Amefika siku za bamvua.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na toka kujaa hadi kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja. Maji yanapanda sana na kushuka sana. Hiyo ndiyo bamvua, na Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo ni maji mafu.

Mambo haya niliyafundishwa shuleni nikayasahau. Aliyenikumbusha ni mama mmoja mzee niliyemkuta Pingwe akifunga kamba zake za mwani, maji yakiwa chini ya goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi, maji yatarudi saa ngapi?"

"Leo mwezi tatu," akanijibu bila kuinua kichwa. "Hesabu."

Nikatahayari kidogo, nikakaa chini nikahesabu. Na wewe unayesoma gazetini unaweza kuikata hesabu hii ukaiweka kwenye pochi. Katika pwani ya Unguja, na Dar es Salaam pia, siku za mwezi kuandama na mwezi mpevu maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku ongeza dakika 50. Siku ya tatu ya mwezi, basi, maji yanakauka karibu na saa tano na nusu au saa sita mchana. Kufika siku ya saba au ya nane mambo yamepinduka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Hesabu hii si sahihi kwa dakika, na bamvua yenyewe hufikia ukali wake siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, lakini kwa mtu wa likizo inatosha. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani dukani ni jedwali la maji tosha.

Faida yake ni kwamba unaweza kuchagua likizo unayoitaka. Ukitaka kuogelea asubuhi, nenda siku za maji mafu. Ukitaka kutembea hadi kwenye mwamba uone pweza, viti vya pwani na samaki wa rangi katika madimbwi, nenda siku za bamvua. Uvae viatu, maana kuna wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao unaweza kukulaza kitandani likizo nzima. Huko Pingwe upo mkahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini: wateja huuendea kwa miguu maji yakipwa, na yakijaa wanarudishwa kwa mashua huku wakicheka. Pale kicheko ni sawa. Kule mwambani maji si ya kuchekwa.

Hebu tulieleze hili taratibu, kwa sababu ndilo linaloua watu. Maji yanaporudi hayaji kama mkeka unaokunjuliwa kutoka mbali kuja kwako. Hupita kwanza kwenye milango ya mwamba na kwenye mikondo iliyo chini, na mingi ya mikondo hiyo iko kati yako na ufuo. Wewe umesimama mahali pa juu, miguu mikavu, unapiga picha, kumbe nyuma yako kumekwisha kujaa. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote cha maji katika mafungu 12. Saa ya kwanza bahari hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano 2, na ya sita 1. Kwa hiyo mtu anayetazama saa ya kwanza anadanganyika kwamba bahari ni mvivu. Katika saa mbili za katikati hupanda nusu ya kimo chote, na siku ya bamvua nusu hiyo inazidi kimo cha mtoto. Wanakijiji hugeuka kurudi mara tu maji yanapoanza kugeuka. Ukiwaona akina mama wanabeba magunia yao kuelekea nchi kavu, na wewe geuka, hata kama hujamaliza picha zako.

Nao akina mama hao, msikilizaji, hawapo pale kupamba likizo ya mtu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kikaenea pwani yote ya mashariki, na walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake. Vijiti vile unavyoviona vimesimama kwenye mchanga na kamba zilizovutwa kati yake ni mashamba yenye wenyewe. Mwani hukaa majini kama wiki sita kabla ya kuvunwa, ukakaushwa na kuuzwa nje, ambako hukamuliwa ute unaogandisha aiskrimu na dawa ya meno. Mkulima anaweza kulifikia shamba lake saa chache tu, katika zile siku ambazo maji yamekauka sana. Mtalii anayekatiza juu ya kamba, au kijana wa tiara la kuteleza majini anayepita katikati, anamkatia mtu mshahara wa wiki sita. Zunguka. Pwani ni pana.

Mchanga nao una habari yake. Rasi hii tunaiita ya mchanga, lakini mchanga ni ngozi tu. Mfupa wake ni jiwe la matumbawe ya kale. Chimba hatua chache kutoka ufukweni utaligonga. Mchanga mweupe hautoki mtoni, kwa kuwa mto haupo. Ni matumbawe yaliyovunjika, ni makombe yaliyosagika, ni vipande vya mimea ya bahari yenye chokaa, na sehemu kubwa ni kazi ya samaki tunayemjua sote: pono. Tunamsingizia usingizi, na ni kweli wapo pono wanaolala usiku wakiwa wamejifunika ute kama chandarua. Ila mchana kutwa huwa kazini. Pono huguguna mwamba ili apate mimea inayoota juu yake, jiwe husagika kooni, na kinachotoka nyuma ni mchanga. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa makumi ya kilo kwa mwaka, na walio wakubwa sana huvuka mia. Ukimuona pono mdogo amepangwa sokoni kwa fungu, ujue ni fundi wa ufuo ameondolewa kazini kabla hajaanza.

Na mchanga huo haukai mahali pamoja. Kusi ikivuma huusukuma kuelekea kaskazini, kaskazi ikirudi huurudisha. Leo ufuo ni mpana, baada ya miezi mitatu umekonda, mwakani umenenepa tena. Wazee walijenga nyumba zao nyuma ya minazi, si kwa kukosa macho ya kuona mandhari. Siku hizi mtu anajenga ukingoni kabisa ili mgeni aamke na bahari dirishani. Mchanga unapokonda anaogopa, anajenga ukuta wa mawe. Wimbi linaugonga ukuta, linarudi na nguvu zake, linachota mchanga ulio chini ya ukuta ule ule. Baada ya misimu michache ana ukuta na hana ufuo, na jirani yake pale ukuta unapoishia amechimbiwa shimo. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua habari hii kwa jina la Kunduchi, ambako bahari imekula ardhi na majengo kwa miongo kadhaa, na mawe yaliyopangwa kuingia baharini yaliokoa hapa yakaponza pale. Kwa Bara, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Zanzibar ina sheria zake za mazingira. Bahari haijasoma hata moja kati ya hizo.

Kuta zinaleta na jambo la pili. Jioni moja nilikuwa natembea ufukweni, kwenye mchanga uliolowa, mlinzi wa hoteli moja akanifuata akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninakwenda mbele. Akasema huku ni kwa wageni wa hoteli tu. Kijana mwenyewe alikuwa mpole, anatii alivyoagizwa, na nilimuonea huruma zaidi kuliko nilivyokasirika. Lakini njia ile ya ufukweni ndiyo waliyopita wavuvi na wauza pweza kabla hoteli haijachorwa kwenye karatasi. Nilimuamkia, nikaendelea na safari. Siku za bamvua, pale ambapo ukuta umeshuka hadi majini, hata wa kumzuia hayupo, kwani njia yenyewe imezama.

Maji ya kunywa pia yafikiriwe. Juu ya jiwe la matumbawe mvua hunywea upesi, na maji matamu huelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta mengi, chumvi inapanda kisimani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani hii ya mashariki ulikadiria kuwa mgeni mmoja alitumia kwa wastani lita 685 kwa siku, bustani na mabwawa ya kuogelea yakihesabiwa humo. Kuoga kwa ndoo moja wala hakupunguzi raha ya likizo.

Kuhusu majira, epuka masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu upande wa Pingwe. Kuna ubaridi mzuri wa kulala lakini bahari ya nje imechafuka, na hapo ndipo Kae, iliyoupa upepo mgongo, inapofaa. Desemba hadi Februari kuna joto na wageni ni wengi. Mwenye haraka ya kupumzika aende wiki ya mwezi nusu: asubuhi aogelee maji yakiwa yamejaa, mchana alale kama pono, na kwenye saa kumi jioni, maji yakiwa yamepwa, avuke kwa miguu hadi Kae akangojee jua lizame. Lakini kwanza aulize kijijini daladala la mwisho linaondoka saa ngapi.