Punda Naye Ana Sheria Yake

Alfajiri, katika njia za vumbi ziendazo vijijini kutoka Musoma, Bunda na Butiama, msafiri hukutana na punda waliotwikwa madumu ya maji, kuni na magunia ya mihogo, na nyuma yao wanawake na watoto. Hakuna daftari la wafanyakazi lenye jina la punda. Hata hivyo sisi twaona kuwa jambo lake ni jambo la wafanyakazi, na kwa kuwa limekwisha fika mbele ya sheria, hapana budi tulizungumze.

Kisa chenyewe ni ngozi. Huko China ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, nayo huuzwa kama dawa. Punda wa China walikuwa milioni 11 hivi mwaka 1992. Walipopungua mno, wanunuzi wakaelekea Afrika. Shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lakadiria kuwa biashara hiyo hudai ngozi milioni 5.9 kila mwaka. Punda jike naye hubeba mimba muda wa miezi 12 hivi, akazaa mtoto mmoja. Kisu cha namna hiyo hakingojei uzazi.

Hapa kwetu machinjio ya punda yalikuwako Dodoma na Shinyanga. Mwaka 2022 Serikali ilisimamisha uchinjaji huo kwa miaka 10, na Desemba ya mwaka huo huo wajumbe wa nchi za Afrika wakakutana Dar es Salaam kwa habari hiyo. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku barani kote uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Wako wanaopinga, wala hatuwaiti wajinga. Husema: punda ni mali ya mwenyewe, ikiwa ng'ombe wangu nampeleka mnadani nipendapo, kwa nini punda wangu nizuiliwe? Husema pia kwamba machinjio yakifungwa, kuna watu wanaokosa mishahara. Maneno hayo yastahili jibu. Fedha ya ngozi humfikia mwuzaji mara moja tu. Punda wakiadimika kijijini, bei ya kumpata mwingine hupanda, na mzigo haubaki njiani: hurudi kichwani mwa mama, na dumu la lita 20 likamngoja binti aliyepaswa kuwa darasani. Anayehesabu mali bila kuhesabu kazi hiyo amehesabu nusu.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha jambo la kuangaliwa. Februari 2020 Waziri wao wa Kilimo, Bwana Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo, baada ya kampuni yenye machinjio Naivasha kufungua kesi. Basi tangazo, hata likiwa jema, laweza kuanguka mbele ya jaji. Katazo letu la miaka 10 litafikia ukomo wake mwaka 2032, na Bunge linao wakati wa kutosha wa kuliandika jambo hili katika sheria kamili, likajadiliwa kifungu kwa kifungu, wafugaji nao wakasikilizwa.

Lakini kumwokoa punda na kisu, kisha kumwacha na fimbo, si kazi iliyokamilika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekwisha kataza ukatili kwa wanyama. Nani miongoni mwetu asiyewahi kumwona punda mwenye kidonda mgongoni, naye katwikwa juu ya kidonda hicho? Twasema "punda afe, mzigo wa bwana ufike", kisha twamlaumu kwamba shukrani yake ni mateke. Methali hizo, kwa maoni yetu, zilitungwa na mwenye fimbo.

Madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama wanaweza kuzishauri halmashauri zao zitunge sheria ndogo bila ya kungoja Bunge. Nasi twawaomba waanze na jambo jepesi: kila siku ya mnada pawepo kivuli na birika la maji kwa ajili ya punda, na afisa mifugo wa kuwatazama migongo kabla hawajatwikwa mzigo wa kurudi nyumbani.