Kubomoa Kwanza, Kuunda Baadaye

Ekseli ya nyuma ya Land Rover imelazwa juu ya magogo mawili chini ya mwarobaini, imegandwa na oili nyeusi na vumbi mpaka haijulikani chuma kinaishia wapi na uchafu unaanzia wapi. Gari lenyewe lilikufa zamani. Bodi imeuzwa kwa kilo, injini imehamia kwingine, vioo havipo. Kilichobaki ni hii ekseli, na fundi anaizunguka na nyundo, akiigonga hapa na pale huku ameinamisha sikio. Anatafuta ufa. Asipousikia, ekseli hii itakuwa gari tena, safari hii likivutwa na ng'ombe.

Mabanda ya kuchomelea kama hili yanamfuata msafiri kando ya barabara kuanzia Shinyanga mjini, Kahama na Ushirombo mpaka Geita. Mbele kuna milango ya geti na madirisha ya kuuza. Nyuma, kwenye kivuli, ndiko kuna kazi yenyewe: mikokoteni, matela, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mara mojamoja kitu ambacho hata fundi mwenyewe hajakipatia jina bado.

Ulaya na Marekani kazi ya namna hii ina watu wake, na wengi huifanya kama burudani ya mwisho wa wiki. Mtu hununua gari likiwa vipande: fremu, bodi, waya na mfuko wa bolti. Injini na gia boksi huvitoa kwenye gari kuukuu, kisha hujifungia gereji miezi, pengine miaka, akiunganisha. Gari maarufu kuliko yote ya aina hiyo ni Lotus Seven, dogo na jepesi, la viti viwili, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957 chini ya mhandisi Colin Chapman. Gari kamili lilitozwa kodi ya mauzo, vipande havikutozwa, kwa hiyo wengi walichukua vipande. Ila palikuwa na sharti: muuzaji hakuruhusiwa kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunda. Lotus wakampa maelekezo ya kubomoa, naye akayasoma kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza. Mwaka 1973 mfumo wa kodi ulibadilika na nafuu ile ikaisha. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikalichukua gari hilo, na mpaka leo inaliuza, kamili au vipande.

Fundi wa Kahama hajapewa hata hayo maelekezo ya kubomoa. Anayaandika mwenyewe kichwani, kila anapofungua gari lililokufa. Nati ipi ilitangulia kutoka, beringi ilitazama upande gani, springi ilibanwa na nini. Pikipiki nyingi hufika nchini zikiwa vipande ndani ya makasha, zikaunganishwa kabla ya kuuzwa. Lakini anayetaka chombo cha magurudumu mawili au manne cha kubeba pamba, maji au mawe huanzia kwenye vyuma chakavu.

Na kwenye vyuma chakavu, shida ya kwanza ni kuchagua. Ekseli si ekseli tu. Katika Land Rover za zamani na Land Cruiser nyingi za familia ya 70, uzito wa gari hubebwa na mfuko wa ekseli wenyewe, huku shafti za ndani zikiwa na kazi moja ya kuzungusha gurudumu. Fundi huzifungua kwa nje, akazichomoa kama panga kwenye ala, na gurudumu likabaki limesimama palepale juu ya beringi zake. Mkokoteni unakuwa mwepesi, na ng'ombe hawalazimiki kuburuza meno ya difu, gia za katikati ya ekseli, kila hatua. Lakini kwenye Toyota Hilux shafti yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu. Huwezi kuichomoa ukabakiwa na mkokoteni. Difu inabidi ibaki na uzito wake wote, na mwenye ng'ombe atalipa tofauti hiyo kwa jasho la wanyama wake kwa miaka yote atakayoutumia. Ndiyo maana ekseli mbili zinazofanana machoni pa mteja huweza kupishana bei, na mteja akadhani anaonewa.

Shida ya pili ni bolti, na hii imewatoa machozi mafundi wa kila nchi. Land Rover za zamani zilifungwa kwa vipimo vya inchi. Toyota ni milimita. Bolti ya nusu inchi ina unene wa milimita 12.7. Bolti namba 12 ya Kijapani ina milimita 12. Pengo ni milimita 0.7, na macho hayalioni. Nati ya milimita 12 haiingii kabisa kwenye bolti ya nusu inchi, na hilo ni heri, maana fundi anajua mara moja. Hatari iko upande wa pili: nati ya nusu inchi huipokea bolti ya milimita 12 kwa ulegevu, mkono ukahisi imeshika, kumbe ni ncha za meno tu zinazogusana. Siku mkokoteni unapopakiwa magunia na kushuka korongoni, meno hayo hunyoka. Fundi makini huweka makopo mawili, la inchi na la milimita, na mwanafunzi anayeyachanganya husikia maneno siku nzima.

Halafu kuna beringi. Za ekseli za Land Rover na Land Cruiser hizo huwa na umbo la koni na hukaa mbilimbili kila gurudumu. Nati ikikazwa mno, habu, yaani kitovu cha gurudumu, huchemka, grisi ikayeyuka na kuchuruzika. Ikilegezwa mno, gurudumu hutikisika na kuula mfuko wa chuma kidogokidogo. Wazoefu hukaza nati huku wakilizungusha gurudumu kwa mkono wa pili mpaka liwe zito, kisha huirudisha nyuma kidogo sana, mpaka gurudumu lizunguke huru lakini lisicheze likishikwa juu na chini na kutikiswa. "Kidogo sana" hiyo haiandikiki. Ndiyo inayomchukua mwanafunzi muda mrefu kuipata, na akiipata haimtoki tena.

Mtu anaweza kudhani kwamba chombo kisicho na injini hakina hesabu. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni mizani. Mzigo ukikaa mbele kidogo ya ekseli, mti wa katikati hulalia nira kwa uzito mdogo, na ng'ombe hutembea vizuri. Ukielemea nyuma, mti huinuka, nira ikawakaba koo. Ukielemea mbele kupita kiasi, shingo zao hubeba kazi iliyopaswa kubebwa na magurudumu. Fundi akikosea mahali pa kuchomelea ekseli kwa shubiri moja, kosa hilo litaonekana kwenye vidonda vya mnyama. Mikokoteni mingi pia haina breki: kwenye mteremko tani nzima huwasukuma ng'ombe kutoka nyuma. Breki za Land Rover mara nyingi huwa bado zimo ndani ya habu wakati ekseli inanunuliwa, zikatupwa. Mtu atakayefikiria kuziunganisha na wenzo mmoja wa mkono atakuwa amewafanyia wafugaji wa kanda hii jambo kubwa.

Ukivuka kuingia upande wa dhahabu, Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu, mkono uleule unageukia karasha, mashine ya kusaga mawe ya wachimbaji wadogo. Ni pipa la chuma lililolazwa, ndani yake gololi za chuma, likizungushwa na injini ya dizeli au mota. Kazi ngumu kuliko zote hapo ni kasi. Pipa la kipenyo cha sentimita 60 likikaribia mizunguko 55 kwa dakika, gololi hung'ang'ania ukutani na kuzunguka nalo bila kusaga chochote. Likienda taratibu mno, hujiviringisha chini tu. Zinatakiwa zipande, zifike juu, zidondoke juu ya mawe. Hiyo ni mizunguko 40 hivi. Injini ya silinda moja, kwa upande wake, inakwenda 2,000. Lazima kasi ipunguzwe mara 50. Puli ya sentimita 10 ikivuta ya sentimita 50 inapunguza mara 5, bado mara 10. Hapo ndipo puli nyingine, au meno ya difu ya lori lililokufa, huweza kupata kazi ya pili maishani. Anayeipatia hesabu hiyo pengine hajawahi kuiandika; anaisikia. Karasha linaloenda sawa lina mngurumo mzito wa mvua ya mawe, na lililokosea kasi hunyamaza au hupiga makelele.

Fahari hiyo isifiche hatari. Mawe ya dhahabu ya kanda hii yana kwazi (quartz) nyingi, na yakisagwa makavu hutoa vumbi linaloharibu mapafu yasipone tena. Mikanda iliyo wazi hunyakua nguo na vidole. Mfuniko wa bati juu ya mkanda, na maji ndani ya pipa, ni sehemu ya mashine kama ilivyo injini. Tangu mwaka 2018 Geita imekuwa na maonesho ya teknolojia ya madini, na watengenezaji wanaopeleka mashine zao pale wangestahili kuulizwa jambo hilo kabla ya kuulizwa bei.

Na gari lenyewe, la usukani na taa? Afrika Mashariki imejaribu zaidi ya mara moja. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa kobe. Yakapatikana matano, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakazinduliwa mwaka 1990. Fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana. Uganda, vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, mwaka 2011. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors. Kibaha, Tanzania, kuna Shirika la Nyumbu, lililounda lori lake miaka ya 1980. Na Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya aliwashangaza Watanzania jijini Dar es Salaam alipofunua gari dogo la umeme alilolibuni, akionesha kwamba mtu anayeshinda na kalamu anaweza pia kushika chuma.

Yupo pia aliyelifikiria gari la vipande kwa ajili ya barabara zetu. Gordon Murray, aliyesanifu magari ya mashindano ya McLaren, alionesha mwaka 2016 lori jepesi liitwalo OX. Lilisanifiwa lisafirishwe likiwa vipande, na watu watatu waweze kuliunganisha ndani ya saa 12. Toleo lake la umeme likaja kubeba mizigo Rwanda.

Ugumu wa gari la kuunda nyumbani uko sana kwenye karatasi. Kadi ya usajili hubeba namba ya chesisi na ya injini. Gari lililozaliwa uani lina injini ya Corolla, difu ya Hilux na fremu iliyochomelewa kwa bomba. Chesisi yake ni ya nani? Uingereza gari la namna hiyo hukaguliwa moja moja, breki, taa, mikanda ya viti, likifaulu linapewa namba. Mkokoteni na karasha havidaiwi namba za usajili zinazoanza na T, na huenda ndiyo sababu ubunifu wa kanda hii umejaa huko na kuishia huko. Kijana aliyeunda gari linalotembea anastahili mkaguzi wa kumwambia breki zake zinatosha au hazitoshi. Kumwambia tu alifungie kwenye uzio ni kuipotezea nchi fundi.

Raha ya kazi hii huonekana siku chombo kinapoharibika. Mtu aliyenunua mashine mpya akikwama porini Mbogwe husubiri spea kutoka mbali. Aliyeiunda mwenyewe anajua kila bolti ilikotoka, na beringi iliyokufa anaitambua kwa sauti kabla ya kusimama. Anashuka, analaza mwili mchangani, anafungua.

Chini ya mwarobaini ekseli imeshasafishwa, haina ufa. Shafti zimechomolewa, zimeegemezwa ukutani zikisubiri kazi nyingine. Mwenye ng'ombe amekuja mara ya tatu wiki hii. "Fundi, mkokoteni wangu vipi?" Fundi analizungusha gurudumu la kushoto kwa kidole kimoja, linakwenda bila sauti. La kulia halina nati. "Shikamoo mzee. Imebaki moja tu," anasema, na kumtuma kijana sokoni na bolti mkononi, aijaribie hukohuko: nusu inchi, siyo namba 12.