Mamba anapoitika, anaitikia nini?

Mzazi wa Chaani apatapo nafasi siku ya Jumapili huenda akawavusha watoto mjini, wakapita daraja la Nyali hadi Mamba Village kutazama mamba wakilishwa. Mlishaji husogea na nyama, na mnyama aliyekuwa amelala kama gogo huinuka mara moja akamwendea. Watoto hurudi wakisema mamba yule anampenda bwana yule. Haipiti siku nyingi, mmoja wao huleta kobe ndani ya kikapu, akitaka kumfuga na kumfunza.

Ni kweli kwamba wanyama watambaao hufunzika. Katika bustani za wanyama ulimwenguni, mamba hufundishwa kuitika jina, kufuata fimbo yenye alama nchani, na kutulia ili daktari awapime bila kuwafunga kamba. Kila anapofanya sawasawa hupewa kipande cha nyama. Wala mamba hakosi malezi, kwani mama huwabeba wanawe kinywani akawapeleka majini. Lakini alichojifunza kwa mlishaji ni kwamba sauti ile huja na chakula. Siku mkono utakapokuja mtupu, mkono wenyewe huenda ukahesabiwa kuwa chakula.

Utulivu wake nao hudanganya. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na akipata baridi au akishiba hulala saa nyingi bila kutikisika. Mamba mkubwa aweza kukaa miezi bila kula. Anayempapasa wakati huo humwita mpole. Huko Costa Rica, mvuvi aitwaye Chito aliogelea kwa miaka na mamba Pocho, ambaye alimuuguza baada ya kupigwa risasi, mpaka mamba huyo akafa mwaka 2011. Kisa hicho ni cha kweli, lakini si cha kuigwa.

Hata hivyo, kwa mkazi wa Chaani meno ya mamba yako mbali. Kilicho karibu ni yule kobe wa uani. Wanyama hawa aghalabu hubeba matumboni vijidudu viitwavyo salmonela, nao wenyewe wasiugue. Vijidudu hutoka na kinyesi vikabaki kwenye gamba, ngozi na maji ya karai. Mtoto humshika kobe, kisha hutia vidole kinywani. Baina ya saa 6 na siku 6 huanza homa, msokoto wa tumbo na kuhara. Kwa sababu hiyo, mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofikia inchi 4.

Watoto wa chini ya miaka 5, wazee na wenye kinga dhaifu wasimguse kabisa. Mwingine akimgusa, anawe kwa sabuni papo hapo, na karai la kobe lisioshwe mahali pa vyombo vya chakula. Mtoto akihara apewe maji ya ORS. Akitoa damu au akilegea, apelekwe hospitali bila kungoja. Aliyeumwa na kenge au mamba aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha aende hospitali, hata kama jeraha ni dogo, aulizie sindano ya pepopunda.

Na kobe mwenyewe? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali. Ofisi ya KWS ipewe habari, asije akatupwa tu vichakani.