Pima Fleksipleti Kabla ya Kufunga Giaboksi ya Oto

Kwenye barabara ya Geita kwenda Katoro, na ile inayotoka Shinyanga kupitia Tinde na Isaka hadi Kahama, magari madogo hayapumziki. Probox, Noah, Wish na IST zilizotumika kwanza Japani zinabeba wachimbaji, wafanyabiashara na mizigo tangu alfajiri hadi usiku, na nyingi kati yake ni za oto. Zikiingia njia za machimboni upande wa Nyarugusu na Rwamgasa, zinakutana na mashimo na vumbi. Giaboksi ikichoka, mwenye gari hutafuta nyingine ya mtumba. Mara nyingi fundi humshauri anunue na fleksipleti, yaani bati linalokaa kati ya injini na giaboksi, kwa sababu ya zamani ina ufa au meno ya ringi yake yamelika.

Ushauri huo ni mzuri. Tatizo ni kinachofuata. Fleksipleti inatoka dukani, inafutwa vumbi, inafungwa kwenye kranki, na giaboksi inapandishwa bila mtu yeyote kujua kama bati lile limenyooka. Wiki chache baadaye oili inadondoka katikati ya injini na giaboksi, na lawama zinamwangukia aliyeuza giaboksi. Giaboksi huenda ilikuwa nzima. Iliuawa na bati lililopinda.

Gari la gia za mkono lina flaiwili nene na nzito. Kwenye gari la oto, uzito huo umo ndani ya konvata, chombo kilichojaa oili kinachokaa mbele ya giaboksi, kwa hiyo kinachohitajika ni bati jembamba la kuunganisha konvata na injini. Bati hilo ndilo fleksipleti. Katikati limefungwa kwa bolti kwenye mkia wa kranki, kuelekea pembeni linashika konvata, na ukingoni lina ringi ya meno ambayo stata huishika wakati wa kuwasha gari. Wembamba wake ni wa makusudi. Konvata huvimba kidogo na kusogea kwa sababu ya joto na shinikizo la oili, na bati hunyumbulika ili kuipa nafasi. Ila linatakiwa kunyumbulika sawasawa pande zote. Likiwa limepinda upande mmoja, kila mzunguko wa injini unaisukuma konvata nje ya mstari wake na kuirudisha.

Hebu tufanye hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huo ni mzunguko mara 50 kila sekunde. Shingo ya konvata imepita kwenye sili ya mbele ya giaboksi na inaendesha pampu ya oili. Shingo ikiyumba mara 50 kwa sekunde, safari nzima ya Geita hadi Kahama, bushi inalika, mdomo wa sili unapanuka na oili inavuja. Pampu nayo inakwaruzwa, na pampu ikidhoofika shinikizo linashuka hadi klachi za ndani zinaanza kuteleza na kuungua. Wakati huohuo fleksipleti yenyewe inachoka kwa kukunjwa huku na huku, na nyufa zinaanza kuzunguka matundu ya bolti za katikati. Bati lenye ufa hutoa mlio wa kugonga unaofanana sana na wa koni rodi. Kuna injini zilizofunguliwa zote kwa sababu ya mlio huo, na kumbe mgonjwa alikuwa nyuma. Stata pia hutoa dalili: bati likiyumba, meno hushikana vizuri upande mmoja na kukwaruzana upande mwingine.

Tunazungumzia kiasi gani cha kuyumba? Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa giaboksi nyingi za oto vinaweka kikomo cha milimita 0.20 kwa fleksipleti iliyokwisha kufungwa kwenye kranki, na milimita 0.30 kwa shingo ya konvata ikishafungwa kwenye fleksipleti. Kampuni nyingine zina vipimo vyao, na fundi anapaswa kufuata kitabu cha gari analolishughulikia. Milimita 0.20 ni moja ya tano ya milimita moja. Hakuna jicho linaloweza kuona kiasi hicho kwenye bati linalozunguka, hata kama fundi ana uzoefu wa miaka mingi.

Kazi huanzia mezani. Laza fleksipleti ya zamani na mpya pamoja, hesabu meno ya ringi, linganisha kipenyo, matundu na kina cha mbonyeo wa katikati. Angalia upande upi unatazama injini, maana bati likigeuzwa, konvata inakaa mahali pasipo pake. Magari mengi ya Toyota yana vipande vya duara vinavyokaa mbele na nyuma ya bati chini ya bolti. Visiachwe, wala visibadilishane nafasi. Kama bati ni la mtumba, kagua kwa tochi kuzunguka kila tundu ukitafuta ufa mwembamba, matundu yaliyopanuka, na alama za nyundo au mtaimbo. Bati lenye alama za mtaimbo lilibanduliwa kwa nguvu, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Kisha safisha mkia wa kranki. Kutu, gundi kavu ya bolti au kijipande cha chuma kilichoinuka hutosha kuharibu kipimo. Tuseme kitako cha kranki, pale bati linapokaa, kina kipenyo cha milimita 80 na fleksipleti ina milimita 280. Uchafu wa milimita 0.05 ukikaa chini ya upande mmoja wa kitako, ukingo wa bati utayumba kwa karibu milimita 0.18. Yaani punje ya kutu peke yake imekufikisha karibu na kikomo kabla hujajua kama bati ni zima. Sugua kwa jiwe laini la kunolea, futa kwa kitambaa safi, halafu funga bolti kwa kukingamanisha, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiwango cha kitabu. Bolti zilizokuja na gundi kiwandani zibadilishwe, au zipakwe gundi kama kitabu kinavyoelekeza.

Sasa leta geji ya saa, ile yenye uso wa duara na mshale unaosoma sehemu ya mia ya milimita. Wengi huiegesha kwa kitako cha sumaku. Lakini injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na IST nyingi, ina bloku ya alumini, na sumaku haishiki alumini. Dawa yake ni rahisi: kata kipande cha bati nene la chuma, kitoboe tundu, kifunge kwa bolti kwenye moja ya matundu ya kushikia giaboksi, kisha weka sumaku juu yake. Ncha ya geji iguse uso wa bati mahali palipo laini karibu na ukingo, ikiwa imesimama wima. Ikikaa mshazari, itasoma uongo.

Toa plagi zote ili injini izunguke kirahisi, halafu zungusha kranki kwa mkono kupitia bolti ya puli ya mbele. Hapa kuna mtego. Kranki yenyewe ina nafasi ndogo ya kusogea mbele na nyuma, na mwendo huo unaweza kuzidi kikomo chote cha fleksipleti. Kwa hiyo sukuma kranki upande mmoja na uibane hapohapo kwa nguvu ileile mzunguko mzima. Soma mahali mshale ulipopanda zaidi na uliposhuka zaidi, toa kimoja kwenye kingine. Tofauti hiyo ndiyo jibu. Rudia mzunguko: geji iliyowekwa vizuri itakupa jibu lilelile.

Jibu likizidi kikomo, usikimbilie kulaumu bati. Fungua, safisha tena, na pima kitako cha kranki peke yake. Kama matundu yanaruhusu bati kukaa kwa namna zaidi ya moja, weka alama, ligeuze nafasi na upime. Sehemu iliyoinuka ikihama pamoja na bati, bati limepinda, na linarudishwa dukani. Ikibaki palepale kwenye kranki, tatizo ni kranki au kitako chake, na hiyo ni kazi ya karakana ya mashine. Kulinyoosha bati kwa nyundo ni kulitengenezea ufa wa kesho.

Bati likifaulu, funga konvata peke yake kwa muda na upime shingo yake. Ikizidi milimita 0.30, zungusha konvata hadi seti nyingine ya matundu kisha upime tena. Ukipata nafasi inayokubalika, piga alama konvata na bati, ili siku ya kufunga virudi vivyo hivyo.

Kuna namna moja ya kuharibu kazi hii yote mwishoni. Konvata lazima iingie hadi mwisho ndani ya pampu. Huzama kwa hatua unapoisukuma huku ukiizungusha, na kina chake hupimwa kutoka ukingo wa giaboksi. Giaboksi ibebwe kwa jeki hadi ikutane na injini, na pini zake za kuelekeza ziwepo zote. Ikikataa kugusana vizuri, iteremshe uangalie. Anayeivuta kwa kukaza bolti analipinda bati alilolipima sasa hivi, na pengine anavunja pampu. Giaboksi ikishakaa, konvata bado inapaswa kuzunguka kwa mkono na kuacha nafasi ndogo kati yake na bati, kwa kawaida milimita 3 hadi 5.

Haya si maarifa mageni katika ukanda huu. Kuna vijana waliopitia mafunzo ya ufundi wa migodi yaliyoanza VETA Moshi mwaka 2009 kwa ushirikiano na kampuni za madini, na kwenye karakana za migodi mikubwa kupima na kuandika ni sehemu ya kazi ya kila siku. Nidhamu hiyo inastahili kufika kwenye gereji za Katoro, Kahama na Shinyanga mjini. Mteja naye ana nafasi yake. Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hakuna anayekubali mzigo wake ukadiriwe kwa macho. Unawekwa kwenye mizani na namba inaandikwa. Gari linalolisha familia linastahili heshima hiyohiyo.

Geji ya saa inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya giaboksi moja ya mtumba, na mafundi wa gereji jirani wanaweza kuchangia moja na kuazimana. Namba iliyopatikana iandikwe kwenye karatasi ya kazi pamoja na tarehe na kilomita za gari. Fundi akikuambia bati limesoma 0.12, una msingi wa kumlipa kwa moyo mweupe. Akikuambia "iko sawa" bila namba, mwombe kwa upole apime ukiwa umesimama hapo, kabla giaboksi haijapandishwa.