Migwani: Wajue Ndege, Okoa Mavuno

Wakazi wa Migwani na maeneo jirani ya Mwingi wana sababu mbili za kutazama ndege kwa makini: mtama na mawele yaliyo shambani, na urithi wa nchi yenye zaidi ya aina 1,000 za ndege.

Mvua za vuli zinapoanza, wageni huwasili kutoka kaskazini. Kozi wa Amur hutoka mashariki ya Urusi na kaskazini-mashariki ya China, huvuka Bahari Hindi, na hupita Kenya kati ya Novemba na Desemba wakifuata kumbikumbi. Hawali nafaka, wanakula wadudu.

Mharibifu ni kwelea, mwenye mdomo mwekundu. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la milioni moja laweza kumaliza tani 10. Huruka wameshikamana kama wingu la moshi na hulala pamoja vichakani. Mkulima anayetambua mapema mahali wanapolala amjulishe afisa wa kilimo wa wadi, kabla mawele hayajakomaa.

Kutofautisha ni muhimu kwa sababu sumu haichagui. Bundi na kozi wakila kwelea waliokufa kwa dawa, nao huweza kufa, na hao ndio wanaopunguza panya na nzige bila malipo. Kadhalika, mzoga uliotiwa sumu kwa ajili ya fisi huua tai. Mkazi asiguse ndege waliokufa kwa wingi. Atoe taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kupiga picha husaidia utambuzi, na simu inatosha kwa kuanzia:

• Nenda alfajiri au jioni, karibu na silanga au bwawa la mchanga.
• Jua liwe mgongoni mwako. Simama kimya uwaache ndege wakuzoee.
• Ukiwa na darubini, weka kamera ya simu kwenye jicho lake.
• Usikate matawi ili kiota kionekane, wala usiwafukuze ndege ili warushe mabawa. Mama akikimbia, mayai hupata joto kali na makinda huliwa.
• Omba ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu.

Andika tarehe, saa na mahali. Tangu 2013, mradi wa Kenya Bird Map hupokea orodha za wananchi. Nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9; orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutazama, na yaweza kuendelezwa hadi siku tano. Atlasi ya awali ya ndege wa Kenya ilichapishwa 1989, na tangu hapo vichaka vingi vimekatwa kwa makaa na mashamba. Bila orodha mpya, ndege anaweza kutoweka Migwani na asiwepo wa kuthibitisha kwamba aliwahi kuishi hapa.