Ziwa Kivu, tangi la mita 485

Wenzetu wa uhandisi wa kemia wameshaizoea bioriakta: tangi la chuma, mabomba, vipimo, na vijidudu ndani vikichachua. Tangi kubwa kuliko yote tunayoyajua halikujengwa na mtu. Ni Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, na kwenye ukingo wake wa kaskazini uko mji wa Goma, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani.

Chini kabisa ya ziwa hilo, mita 485, hakuna oksijeni. Maji ya huko ni mazito kwa chumvi na gesi, kwa hiyo hayapandi kuchanganyika na ya juu. Vijidudu vinavyoishi humo hula mabaki ya mwani yaliyozama. Vingine huunganisha haidrojeni na kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye volkeno. Vyote hutoa methani.

Kinachoizuia gesi hiyo isitoroke ni shinikizo (vitabu vya fizikia vya Tanzania huliita kanieneo, neno ambalo sisi tumelijua mwaka huu tu). Kila mita kumi za maji huongeza karibu angahewa moja. William Henry alieleza mwaka 1803 kwamba gesi huyeyuka kadiri inavyobanwa. Ndiyo maana soda hutulia hadi ufungue kifuniko. Kivu imebana takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani.

Maabara zinatafuta jambo hilohilo. Haidrojeni ni ngumu kuyeyuka majini: mapovu yanapita, vijidudu vinabaki na njaa. Ongeza shinikizo, chakula kinaingia majini. Faida ya pili inatuvutia zaidi. Kaboni dayoksaidi huyeyuka kwa wingi kuliko methani, hivyo ndani ya tangi lililobanwa inabaki majini na gesi inayopanda ni safi. Tangi la kawaida la samadi hutoa gesi yenye methani kama asilimia 60. Watafiti wa Uholanzi, mwaka 2011, waliliacha tangi lijibane kwa gesi yake lenyewe, hadi karibu angahewa 90, wakapata zaidi ya asilimia 90. Ila kaboni dayoksaidi ikizidi, maji yanakuwa na asidi na vijidudu vinalegea. Na chuma kinene ni ghali.

Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016, hutumia kanuni hiyo kinyumenyume. Maji huvutwa kutoka mita 350 hivi. Yakipanda shinikizo hupungua, methani hutangulia kutoka, na sehemu kubwa ya kaboni dayoksaidi hubaki majini. Matokeo ni megawati 26. Tangu mwaka 1963 gesi ya ziwa hili ilichemsha boila za kiwanda cha bia cha Gisenyi: vijidudu wa ziwani wakiwapikia wenzao wa kwenye pombe!

Lakini kifuniko cha soda hii ni maji tu. Nchini Kamerun, Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitema kaboni dayoksaidi ikaua watu wapatao 1,700. Kando ya Kivu wanaishi kama milioni mbili. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, siku chache baadaye wakazi wa Goma waliamriwa kuhama kwa hofu kwamba magma imefika chini ya ziwa. Mmoja wetu alishinda akimpigia simu shangazi yake, ambaye alikuwa njiani kwenda Sake kwa miguu, watoto watatu na godoro kichwani. Amesharudi, na bado anapikia makaa.

Gesi ya sasa haijafikia kiwango cha kulipuka yenyewe, na kuivuna kunaweza kupunguza hatari. Kwa maoni yetu, swali zito haliko kwenye megawati. Liko kwenye maji yaliyokwisha kutolewa gesi: yanarudishwa kina gani? Yakirudishwa mahali pasipofaa, yatavuruga yale matabaka mazito ambayo ndiyo yanayoizuia gesi iliyobaki.