Dawa Inayodhoofisha Kabla ya Kuponya: Ufafanuzi wa Tibakemikali kwa Muktadha wa Mji wa Kale, Mombasa

Katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, saratani ni nadra kutajwa kwa jina lake. Husemwa "yale maradhi", kisha sauti ikashushwa. Staha hiyo ina asili yake, nayo si ya kubezwa. Hata hivyo ina gharama, kwa kuwa ugonjwa usiotajwa huikosesha jina hata tiba yake. Mgonjwa huambiwa kwamba "atatiwa dawa" au kwamba "atachomwa", na neno hili la pili hubeba sindano, mionzi na moto kwa pamoja. Makala haya yananuia kufafanua tibakemikali ni nini, hufanya kazi vipi, na kwa nini mtu aliyeingia hospitalini kwa miguu yake huweza kurudi nyumbani akiwa dhaifu kuliko alivyokwenda. Suala hili la mwisho ndilo zito zaidi, maana ndilo linalowafanya baadhi ya wagonjwa kuiacha tiba baada ya dozi ya kwanza au ya pili.

Tuanze na majina. "Saratani" ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa kuwa mishipa iliyotuna kandokando ya uvimbe iliwakumbusha miguu yake. Kilatini kikafuata mkondo huo, na "kansa" ya mazungumzo ya leo ni mjukuu wa neno hilo la Kilatini. Kwa hiyo kansa na saratani si magonjwa mawili, moja jepesi na jingine zito, bali ni kaa mmoja kwa lugha mbili. Wajuzi wa falaki humjua kaa huyo pia kama burji ya nne.

"Tibakemikali" nalo ni neno lililoundwa kwa kuunganisha tiba na kemikali. Dhana yenyewe ilipewa jina na mtaalamu wa Kijerumani, Paul Ehrlich, mwanzoni mwa karne ya 20, naye alikusudia dawa za kuua vijidudu vya maradhi. Yamkini sehemu ya pili ya neno hili ndiyo inayotisha, kwani kwa Mswahili wa kawaida kemikali ni kitu cha kiwandani au cha kunyunyizia wadudu. Ilhali hata kidonge cha kuondoa maumivu ya kichwa ni kemikali.

Mwili umejengwa kwa seli, na seli huzaana kwa kugawanyika: moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Seli yenye afya hujua wakati wa kuacha. Ya saratani haijui. Dawa nyingi za tibakemikali huishambulia seli wakati inapojiandaa kugawanyika au inapogawanyika. Dawa ikishatiwa mshipani, au ikimezwa, huenea na damu mwili mzima, na hapa ndipo inapotofautiana na upasuaji na mionzi, ambavyo kwa kawaida hulenga mahali maalumu. Hii ndiyo sababu hutumiwa pale inapohofiwa kwamba seli za saratani zimekwisha kusambaa.

Lakini dawa hizo hazina macho ya kuitambua saratani. Zinachokitambua zaidi ni mwendo wa kugawanyika, na mwilini zimo seli njema zenye mwendo huo wa haraka: za mashina ya nywele, za utando wa kinywa na matumbo, na za uboho wa mifupa ambamo damu hutengenezwa. Ndipo nywele zikanyonyoka, kinywa kikatoka vidonda, tumbo likaharika na damu ikapungua. Madhara haya si dalili kwamba saratani imezidi, wala kutokuwapo kwake si dalili kwamba dawa haifanyi kazi. Tofauti ni kwamba seli njema hujirekebisha kwa haraka kuliko zile mbovu, na muda baina ya dozi moja na nyingine, ambao mara nyingi ni siku 21, umewekwa kwa ajili hiyo.

Jingine la kufahamika ni kwamba kila dozi huua fungu tu la seli. Tukikadiria kwa mfano kwamba dozi huua tisa katika kila kumi, basi seli 1,000 zitabaki 100, kisha 10. Uvimbe huweza kutopapasika tena kwa mkono ilhali bado seli zimo. Anayesimamisha tiba kwa kuwa "uvimbe umekwisha" huziachia zilizobaki nafasi ya kuanza upya.

Yapo madhara ambayo tabibu huyaona madogo lakini yakawa makubwa nyumbani. Doksorubisini, dawa itumiwayo sana kwa saratani ya matiti, ni nyekundu, na mkojo huweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Asiyeambiwa mapema hudhani anakojoa damu. Kuhusu nywele, husemwa kwamba mwanamke wa Kiswahili hana neno kwa kuwa buibui na mtandio humsitiri. Hoja hii ni ya mtu asiyezijua harusi za Mombasa. Katika shughuli za wanawake peke yao mitandio huvuliwa na nywele huonekana zilivyopambwa; huko ndiko mgonjwa anakoona haya, na huko ndiko anakoacha kwenda. Afadhali ajue kwamba kwa kawaida nywele huanza kuota tena katika miezi michache baada ya tiba kumalizika.

Wasemao kwamba dawa hizi ni sumu hawakukosea kabisa. Mwaka 1942, huko Yale nchini Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa katika kundi lililomtibu mgonjwa mwenye saratani ya tezi kwa haradali ya nitrojeni, ndugu wa gesi ya vita iliyochoma askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Uvimbe ulinywea, ingawa baadaye ulirejea. Siklofosfamidi, itumiwayo hadi leo, ni ya ukoo huohuo. Nayo vinkristini ilitokana na mmea wenye asili ya Madagaska, ule wa maua madogo meupe au ya waridi unaopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani. Hata hivyo, majani yake yasitafunwe wala kuchemshwa: kiasi cha dawa kilichomo jani moja hakipimiki kwa jicho, nacho chaweza kudhuru.

Afrika Mashariki ina fungu lake katika historia hii. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya ya watoto ambao sasa huitwa kwa jina lake, na ambao hutokea hata katika pwani ya Kenya. Dawa zilipojaribiwa miaka iliyofuata, wapo watoto waliopona kabisa, na mwaka 1967 kukaanzishwa huko Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa hiyo kauli kwamba saratani haiponi ilikwisha kukanushwa jirani tu na hapa.

Si kila tibakemikali hukusudia kuponya. Nyingine hutangulia upasuaji ili kuupunguza uvimbe, nyingine huufuata, na nyingine hutolewa ili kupunguza maumivu na kurefusha siku. Mgonjwa ana haki ya kuuliza yake ni ipi. Kuhusu kombe, mgonjwa anaweza kulinywa na akaendelea na tiba, mradi amwarifu daktari kama anavyopaswa kumwarifu juu ya kila anachokunywa. Lakini mitishamba ni jambo jingine, kwani baadhi yake huchosha ini na figo zinazohitajika kuisafisha dawa.

Hatari kubwa zaidi huja wakati ambao jamaa huona mambo yametulia. Baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, seli nyeupe za damu huwa zimepungua mno, na mwili hukosa askari. Huo ndio wakati ambao majirani huja kumzuru mgonjwa, chumba kikajaa, watoto wenye mafua wakabebwa. Kumzuru mgonjwa ni wajibu, na kumkataza mtu mlangoni ni aibu. Lakini salamu huweza kutolewa kutoka barazani au kwa simu. Joto la mwili likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura hata iwe usiku wa manane. Mgonjwa asipewe kidonge cha homa asubiri asubuhi, bali apelekwe hospitali mara moja. Hospitali Kuu ya Pwani, ambako tiba hii hutolewa, iko kisiwani humuhumu, tofauti na miaka ile ambapo wengi walilazimika kusafiri takriban kilomita 480 hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Walakini vichochoro vingi vya Mji wa Kale haviingii gari. Nyumba yenye mgonjwa yapasa kuwa na kipimajoto, na ijulikane tangu mapema ni kijana gani atakayembeba hadi barabarani na gari litasimama wapi.